Istilahi Bila Maelezo Haitoshi

Wenzetu wa isimu wakishaunda istilahi ya kisayansi, aghalabu huona kazi imekwisha. Sikubaliani nao. Tuchukue mtawanyiko wa Raman, uliogunduliwa Kolkata, India, mwaka 1928. Mwanga ukigonga molekuli, sehemu yake ndogo mno hurudi na rangi iliyobadilika, na badiliko hilo huitambulisha molekuli. Ishara hiyo ni hafifu. Mwaka 1974, huko Southampton, Fleischmann na wenzake waliipata ikiwa na nguvu juu ya madini ya fedha yasiyo laini. Elektroni za fedha hutikisika pamoja kama wimbi na kuikuza hata mara milioni. Wimbi hilo ndilo plasmoni. Kulikopa neno si aibu. Lakini mwanafunzi wa biokemia anayesaka protini katika tone la damu anahitaji pia kusoma, kwa Kiswahili, kwa nini hutumia chembe za fedha au dhahabu, si za chuma.