Mwaka 1886 hauna kazi Ukerewe

Ukishuka melini Nansio, vijana wa bodaboda watakuzunguka kabla hujaweka begi chini. Wasalimie vizuri, washukuru, uende zako kwa miguu. Kisiwa ni kikubwa, ndiyo, na kuna mahali utalazimika kupanda kitu. Lakini kutoka gatini hadi Bukindo, na kwa mwenye pumzi hadi Kagunguli, hiyo ni njia ya kutembea. Kuta hazisomeki mtu akiwa juu ya pikipiki.

Nasema kuta kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ni fundi mwashi, najenga Mwanza tangu Buswelu ikiwa mashamba ya mihogo, na ukweni kwangu ni Ukerewe. Tukienda kuwasalimia wakwe, mke wangu hutangulia na mizigo kwa bodaboda, mimi nafuata nyuma nikipapasa nyumba za watu. Siku hizi wamenizoea. Mwanzoni walidhani ni mtu wa ardhi nimekuja kuchora alama ya X.

Chukua duka moja kuukuu pale Nansio, mwenyewe simtaji. Mbele lina baraza na milango ya mbao ya kukunja. Tofali ni za kuchoma, nyembamba kuliko za siku hizi, na kozi zimenyooka kiasi kwamba ukishusha timazi unaionea aibu kazi yako ya juzi. Kati ya tofali na tofali hakuna saruji. Ni udongo, na juu yake pamepakwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya masika na kuyatoa jua likiwaka. Sasa mtu kaja, kwa nia njema kabisa, kaona chokaa inabanduka, kapiga lipu ya saruji kuanzia chini hadi usawa wa dirisha. Maji yanayopanda kutoka ardhini yamekosa pa kutokea, yamesogea juu. Nilibonyeza kwa kidole gumba pale lipu inapoishia, tofali likamomonyoka kama mkate wa juzi. Lipu yenyewe bado ngumu, inang'aa, imepakwa rangi ya kampuni ya simu. Nyuma yake ukuta unaisha.

Mwenye duka akaniuliza, "Fundi, niongeze saruji?" Nikamwambia, "Hapana kaka, itoe yote." Akacheka. Aliona natafuta kazi.

Ukiuacha mji, barabara inapanda taratibu kati ya mawe makubwa ambayo sisi wa Mwanza tumeyazoea, juu yake wameanika mihogo, chini yake machungwa yamepangwa mafungu mafungu. Bukindo ndiko lilikokuwa makao ya watemi wa Wakerewe, na pale lipo jumba la ghorofa la enzi za Waingereza. Ukoo wa Wasilanga uliotawala kisiwa hiki una historia ndefu ambayo watoto wetu hawasimuliwi darasani: Omukama Lukonge aliyetawala wakati wageni wa Ulaya walipofika, Wajerumani waliomwondoa mwaka 1895 na kumweka Mukaka, kisha Gabriel Ruhumbika kuanzia 1907, kisha Michael Lukumbuzya. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta uchifu, na Lukumbuzya baadaye akaitumikia nchi akiwa balozi. Ghorofa, huku visiwani, enzi zile! Kila bati, kila bawaba, kila kioo kilivuka ziwa. Mtu wa kazi yangu akisimama mbele ya jengo la namna hiyo hafikirii chifu kwanza. Anafikiria mafundi na vibarua waliobeba.

Kagunguli ni ya wamisionari, Mapadri Weupe, na ni ya Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, akasomea seminari ya Rubya kule Bukoba, akajua Kilatini na Kijerumani, akafanya kazi Mwanza kwa mfanyabiashara wa Kiitaliano, kisha akarudi misheni. Mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu hakikupata mchapaji. Mwenyewe akakigeuza Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Alifariki 1981. Hesabu mwenyewe miaka aliyosubiri.

Kwa fundi, kitabu kile kina faida nyingine. Wakerewe wa kabla ya Wazungu walijenga kwa miti, kamba na nyasi. Hakuna nyumba ya Lukonge utakayoipapasa leo. Mchwa na mvua zimeshamaliza. Maisha yaliyokuwa ndani ya nyumba hizo, kuanzia kukaribisha wakwe hadi kutafuta dawa ya uzazi, yamebaki kwenye karatasi za mzee yule wa Kagunguli.

Na hapa ndipo ninapogombana na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, inayalinda moja kwa moja majengo na magofu yaliyokuwepo kabla ya mwaka 1886. Jengo la baada ya hapo halina ulinzi huo hadi waziri alitangaze rasmi. Kwa Kilwa na Bagamoyo mstari huo una maana, kwa kuwa Mswahili wa pwani alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi kabla ya Mjerumani. Huku kwetu ziwani una maana gani? Kilichojengwa kabla ya 1886 kilikuwa cha miti na nyasi, hakipo. Kilichopo, yaani jumba la Bukindo, majengo ya misheni, maduka ya Nansio, na vilevile nyumba za Wajerumani zilizobaki Mwanza mjini (Wajerumani walifungua kituo chao hapo mwaka 1892), chote kimekuja baadaye. Sheria inalinda hewa, na ukuta unaachiwa mtu mwenye mfuko wa saruji.

Simlaumu aliyeiandika. Alikuwa anaangalia bahari.

Tena umri si kipimo peke yake. Ufukwe wa Ukerewe una kisa cha mwaka 1877 ambacho hakikuacha hata tofali moja. Shergold Smith na O'Neill, wamisionari wa Kianglikana waliokuwa njiani kupeleka dini Buganda, walinunua jahazi lililokuwa likiundwa kisiwani na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro, na O'Neill, fundi mwenzangu kwa kuwa alisomea ujenzi, akabaki kulimalizia. Desemba ya mwaka huo Songoro akagombana na Lukonge, akakimbilia kwa Wazungu wale, na wote watatu wakauawa. Habari hiyo ilitikisa London. Kwetu imeachwa kwa wazee. Upande wa pili kuna Bwisya, kisiwani Ukara, ambako MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa gati, wakafa watu 228. Nani atathubutu kuwaambia wafiwa kwamba makaburi ya Bwisya yangoje kwanza yazeeke ndipo yaitwe historia?

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: serikali ina mambo ya maana zaidi, maji, vivuko, zahanati. Sikatai. Mtu aliyewahi kulala Kisorya kwa sababu pantoni la mwisho kwenda Rugezi limeshaondoka hawezi kukataa. Ila tangazo la waziri si mradi wa mabilioni, ni karatasi.

Jibu la pili ndilo linalonisumbua, maana nimelisikia ukweni, kutoka kwa baba mkwe mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba ikishaandikwa na serikali si yako tena. Ukitaka kuongeza choo unaomba kibali Dodoma." Mzee ana hoja. Mwenye nyumba kuukuu akisikia neno hifadhi, mara nyingi kitu cha kwanza anachofanya ni kuibomoa usiku kabla haijaandikwa. Kwa hiyo tangazo lisilokuja na kitu mkononi ni bure. Apunguziwe kodi ya jengo. Apewe fundi anayejua chokaa. Aachiwe nyuma ajenge choo chake na jiko lake, mradi uso wa barabarani usiguswe. Na aulizwe kabla, si aje kusoma kwenye gazeti.

Mafundi wanaojua chokaa wenyewe ni wachache, na hili ni letu, si la serikali. Zanzibar wana Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu miaka ya 1980, wana jina la UNESCO tangu mwaka 2000, na bado Beit al Ajaib, jengo la 1883, lilidondoka upande mmoja Desemba 25, 2020 likiwa katikati ya matengenezo, likaua. Ikiwa wenye mamlaka, wataalamu na wafadhili yanawakuta hayo, Nansio yenye fundi mmoja na mwiko wake iko wapi? Kijana anayemaliza VETA leo anajua zege, nondo na tofali za bloku, na anazijua vizuri. Chokaa kwake ni ya kupiga mistari uwanja wa mpira.

Ningeanzia hapo. Halmashauri ya Ukerewe iombe VETA Mwanza wanafunzi wa uashi, wapelekwe Nansio na Bukindo, watembee nyumba kwa nyumba, wapime, wachore, waandike mwenye nyumba kasema nini. Wasipake kitu chochote mwaka wa kwanza. Michoro hiyo iambatishwe na barua kwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, jengo moja moja, si orodha ya jumla itakayolala kabatini. Bukindo iwe ya kwanza, kama ukoo utaridhia. Shule za Mwanza nazo, badala ya kuwapeleka watoto Saanane tu kila mwaka kuangalia wanyama, ziwavushe ziwa wakatembee njia ileile hadi Kagunguli.

Januari mafundi hatuna kazi, wateja wote wanalipa ada za shule. Tepu ya mita 50 ninayo, na mahali pa kulala Ukerewe ninapo.