Tusimsingizie Hidaya

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani kwetu Mafia. Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 12, intaneti ikakatika. Basi watu wa Kilindoni wakasema mara moja, Ni Hidaya huyo. Kutoka Utende hata Kirongwe neno lilikuwa hilo moja, na hata leo wako watu wenye elimu, wasomao magazeti, walishikao. Sisi twalikataa, wala hatulikatai kwa kupenda ubishi.

Habari ziendazo na zitokazo nchi za mbali hupita katika mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Penye kina kirefu unene wake ni kama kidole gumba tu, na ndani mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Nchi yetu ilitegemea hasa mikongo miwili: Seacom, uliofunguliwa mwaka 2009, na EASSy, wa mwaka 2010. Tarehe 12 ile yote miwili ilikatika kaskazini ya Durban, Afrika ya Kusini. Hidaya hakufika huko. Serikali ilieleza kwamba hitilafu iko kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, tena kwamba intaneti na simu za nchi za nje zitakuwa dhaifu mpaka mafundi wamalize kazi.

Kusikia hayo, wengine waligeuza neno wakasema, Basi ni bahati mbaya ya bahari, nani awezaye kuizuia? Neno hili twalipinga kuliko lile la kwanza, maana lile lilikuwa kosa la kutojua tu, na hili ni udhuru.

Duniani mikongo hupata hitilafu kama 150 hata 200 kila mwaka, na nyingi katika hizo huletwa na nanga za meli na nyavu za wavuvi. Jambo litokealo mara nyingi hivyo huwezi kuliita ajali isiyotazamiwa. Tena mwaka ule ule, tarehe 24 Februari, mikongo ya Bahari ya Shamu ilikuwa imekwisha kukatika, nayo ni Seacom, EIG na AAE-1. Yasadikiwa kuwa iliburutwa na nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa kombora tarehe 18 na kuachwa ikielea. Njia ya kaskazini ikaharibika, mzigo ukaelekezwa kusini. Hali ile ilidumu wiki kumi na moja! Mwenye jahazi ambaye kamba ya nanga moja imekatika, akalala usingizi juu ya nanga ya pili pasipo kutafuta nyingine, akiamka yu mwambani hatulaumu upepo.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Wao pia walitaabika, walakini hawakunyamazishwa kama sisi, kwa kuwa wanao mkongo mwingine, TEAMS, utokao Mombasa kwenda Fujairah. Wala TEAMS si chuma kisichokatika: Februari 2012 meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa pale Mombasa, ikaukata. Hakuna mkongo wa kutumainiwa peke yake. Kilichowasaidia ni kuwa na njia nyingine isiyopita mahali pale pale. Kuwa na mikongo miwili ilazwayo karibu karibu, ikakatika siku moja, ni sawa na kuwa na mmoja.

Twajibiwa kwamba mikongo ni ghali. Twajua. Hatuombi wa kwetu Mafia. Lakini mnunuzi wa pweza wa Jibondo hulipia vifurushi vyake kabla ya kutumia. Aliyepokea fedha hizo ana deni la kumwambia njia ngapi zimebaki. Februari ile ilipasa kutangazwa, redioni na katika simu zenyewe, kwamba njia ya kaskazini imeharibika, na ya kusini ikikatika hakuna nyingine ya kutosha. Mfanya biashara angeweka namba za wenziwe wa Dar es Salaam katika daftari, na mwalimu angechukua mapema karatasi za mitihani. Sisi hatukusikia tangazo hilo. Tuliyoyasikia yalikuja baada ya Jumapili ile, nayo yalikuwa ya kututaka tuwe na subira.