Saladi ya Matunda Haihitaji Matufaha

Ndugu mkulima, kila msimu wa zabibu kuna jambo linanisikitisha. Kreti zinapakiwa, mnunuzi anaondoka nazo, na mtoto wa nyumbani haonji hata punje moja. Kisha siku ya sherehe tunanunua matufaha ya kutoka Afrika Kusini ili tuseme tumeandaa saladi ya matunda.

Kwa maoni yangu, saladi ya Dodoma iko shambani kwetu. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na tena kati ya Agosti na Septemba. Ubuyu mkavu unakaa miezi mingi. Mpapai unaota nyuma ya nyumba ukiumwagilia maji uliyooshea mboga.

Osha matunda kwa maji safi. Kata papai dogo 1 na ndizi 3, ongeza vikombe 2 vya zabibu zilizokatwa katikati na kutolewa mbegu. Koroga vijiko 4 vya unga wa ubuyu kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mwagia juu. Uchachu wake unachelewesha ndizi kuwa nyeusi. Usipike, maana moto unapunguza vitamini C.

Kama umepuliza dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe ndipo uchume, iwe za kuuza au za kula.

Utaniambia zabibu ni fedha. Kweli. Lakini bakuli moja kwa wiki halitakufilisi. Tenga la watoto kwanza, ndipo umpimie mnunuzi.