Daraja Pangani: Magari yatapita, fedha zitashuka wapi?

KWA miaka mingi, msafiri aliyetoka Tanga mjini kwenda Mkwaja au Saadani kwa njia ya pwani alilazimika kusimama Pangani. Hakusimama kwa kupenda. Alisubiri kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, na katika kusubiri huko ndipo biashara ilipofanyika: madafu, karanga, pweza, machungwa ya Muheza, maji ya chupa. Dereva alishuka kunyoosha miguu, watoto wakasema wana njaa, na mama yao akafungua pochi.

Mradi wa barabara ya lami ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 240, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, unabadilisha hali hiyo. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha kwa ajili ya barabara ya pwani kutoka Bagamoyo hadi Malindi nchini Kenya, na Pangani imo katikati ya njia hiyo. Faida zake hazina ubishi. Mkonge, nazi na samaki vitafika sokoni mapema zaidi, na mkazi wa Dar es Salaam hatalazimika kuzunguka Chalinze na Segera ili afike Pangani.

Lakini daraja halina foleni. Gari linalopita kwa kilomita 80 kwa saa halinunui dafu.

Jambo hili si geni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda Kilwa, Lindi au Mtwara alivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na kuna waliokaa hapo kutwa nzima wakisubiri. Leo abiria hulipita daraja akiwa amesinzia. Biashara ya barabarani haikufa, ila inafanyika mahali mabasi yanaposimama, kama Nangurukuru. Swali kwa mfanyabiashara mdogo wa Pangani basi si kama fedha zitakuja, bali zitashukia wapi na siku gani.

Wa kutazamwa kwanza ni mgeni wa ndani. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, kutokana na ugonjwa wa Uviko-19, wakashuka hadi takriban 620,000. Wenye hoteli waliokuwa hawamtaki Mtanzania wakaanza kumtangazia bei za mwisho wa wiki. Watalii wa nje wamerudi tangu hapo, lakini wengi wao huishia mbuga za kaskazini na Zanzibar. Anayeweza kuja Pangani Ijumaa jioni na kurudi Jumapili ni familia ya Dar es Salaam, Moshi au Arusha, kikundi cha wafanyakazi, au shule. Mgeni huyu hula ugali na samaki, hununua kwa shilingi, na akipenda mahali huwaambia ndugu zake.

Atakuja kuona nini? Wengi hutaja Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho kama kilomita nane kutoka pwani ya Pangani, ambacho ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti. Miti ikafa, mchanga ukasombwa, na sasa maji yakijaa kisiwa hufunikwa. Hapo ndipo msafiri asiyeuliza hupoteza fedha zake: anafika saa 9 alasiri siku ya bamvua na kukuta bahari tupu.

Wavuvi wanaijua hesabu hii tangu utoto, ila hawaiuzi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, maji katika pwani hii hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mgeni anayetaka kukanyaga mchanga wa Maziwe inambidi aondoke Pangani au Ushongo mapema asubuhi na awe ameondoka kisiwani kabla maji hayajarudi. Avae viatu vya kuingia majini kwa sababu ya miba ya matumbawe, na abebe kofia na maji ya kunywa, kwani kisiwani hakuna kivuli. Asipande chombo kisicho na maboya ya kujiokolea ya kumtosha kila mtu. Kiingilio cha hifadhi kilipwe kwa utaratibu wa serikali na stakabadhi idaiwe.

Kwa mfanyabiashara, ratiba hiyo ina maana mbili. Ya kwanza, anayetoka mbali hawezi kuiwahi asubuhi bila kulala Pangani usiku uliotangulia. Hiyo ni fedha ya nyumba ya wageni, chakula cha jioni na chai. Ya pili, vyombo hurudi ufukweni kati ya saa 7 na saa 9 mchana, vikiwa na watu wenye njaa kali. Mama lishe anayepika ili auze saa 6 kamili, kama afanyavyo siku zote, atawauzia wali uliopoa, au hatakuwa nao kabisa. Kalenda ya mwezi ukutani ingemwongezea kipato bila mkopo wa mtu yeyote.

Kuna pia majira. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia wakati wa kusi, bahari inapochafuka na safari za mashua kuwa za wasiwasi. Wenye mashua hulalamika kwamba wageni wanakuja wakati mbaya. Pengine wageni hawakukosea. Wanapelekwa mahali pasipo pake. Juni hadi Agosti ndio wakati machungwa ya Muheza yamejaa, kuna ubaridi, na matope ya masika yamepungua. Huo ni wakati wa kuwapeleka Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya Tanga mjini, au msitu wa Amani katika Usambara Mashariki, wenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Bahari iachiwe Oktoba na Novemba inapotulia, na likizo ya Desemba wakati wa kaskazi.

Mkulima wa machungwa wa Muheza anajua adha ya kuuza matunda yangali mtini kwa mchuuzi anayekuja na lori na bei yake mfukoni. Familia inayoingia shambani, ikachuma yenyewe na kulipia kapu, haiwezi kumaliza mavuno ya ekari mbili. Ila humpa mkulima bei ya rejareja kwa sehemu ya mazao, na sehemu hiyo humpa nguvu ya kubishana na mwenye lori.

Hesabu ya madafu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu wengi huona dafu ni faida tupu. Dafu huangushwa likiwa na miezi sita hadi saba. Likiachwa hadi miezi 11 au 12 linakuwa nazi. Kila dafu linalouzwa ni nazi iliyopotea. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye madafu 50. Tuseme nazi shambani ni Sh400, dafu kwa mgeni ni Sh1,000, mkwezi anataka Sh100 kwa kila moja na usafiri hadi barabarani ni Sh100. Akiyaacha yakomae atapata Sh20,000. Akiyaangua atatumia kwanza Sh10,000. Akiyauza yote atabaki na Sh40,000, mara mbili ya nazi. Akiuza 30 atabaki na Sh20,000, sawasawa na aliyesubiri. Akiuza 15 atabaki na Sh5,000 na rundo la madafu ambayo baada ya siku chache hayana ladha.

Bei hubadilika, lakini somo la hesabu hiyo halibadiliki: faida ya dafu iko katika kuijua siku ya wateja. Sikukuu za Idi, Pasaka na Mwaka Mpya zinajulikana. Mwisho wa wiki unaoangukia bamvua unaweza kujulikana mwaka mzima kabla. Siku nyingine za kawaida, mnazi uachwe ufanye kazi yake.

Vipo vivutio ambavyo havijapewa thamani. Kikogwe, kusini ya mto, ndiko mkonge ulikopandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1893. Kati ya vichipukizi 1,000 vilivyoagizwa kutoka Florida, Marekani, vilipona 62 tu, na kutoka hivyo likazaliwa zao lililoilisha Tanga kwa miongo mingi. Mwanafunzi anasoma habari hiyo darasani bila kuonyeshwa shamba. Ushongo nako, mayai ya kasa yanayotagwa Maziwe yamekuwa yakihamishiwa ufukweni ili yasifunikwe na maji, na siku ya kuanguliwa, kiasi cha miezi miwili baadaye, ni tukio ambalo mtu husafiri kwenda kulitazama. Tongoni, kandokando ya barabara ya Tanga–Pangani, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mlangoni pa pango au gofu lolote, anayeuza chai na mahali safi pa kujisaidia atapata wateja kuliko anayeuza vinyago.

Hapo ndipo halmashauri na serikali za vijiji zinapohusika. Maegesho yenye kivuli, vyoo na meza za kuuzia karibu na daraja yanatakiwa kupangwa mapema, kabla ya magari kuzoea kupita moja kwa moja. Na wanaopewa meza wawe ni wale waliokuwa wakiuza kivukoni, si waliosikia habari za tenda kutoka mjini.

La mwisho ni ardhi. Kila lami inapokaribia pwani, watu wenye magari mazuri huanza kuulizia viwanja vya ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo sehemu ya kile kinachouzwa kwa bei kubwa haijengeki kisheria. Mwenye shamba la minazi linaloelekea baharini anaweza kukodisha sehemu kwa mkataba wa maandishi uliopita kwenye halmashauri ya kijiji, akaendelea kuangua nazi zake na kuuza madafu kwa wageni wa mpangaji wake. Akiuza shamba lote, mnazi mwingine akiupanda leo utamchukua miaka sita au saba kabla haujazaa, na itambidi kwanza apate pa kuupanda.