Alama Peke Yake Hazitoshi
Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba mwombaji wa Chuo Kikuu lazima kwanza afanye kazi, kisha athibitishwe na mwajiri wake na tawi la Chama. Wapo wanaolibeza Azimio hilo hadi leo, wakidai kwamba mtihani pekee ndio hakimu wa haki. Huo ni upotoshaji. Mtihani hupima akili na kumbukumbu. Haupimi moyo wa kuwatumikia wakulima, ambao jasho lao ndilo linalomsomesha mtahiniwa. Ni kweli, wasichana walipungua hata wakalegezewa sharti. Ni kweli pia, barua ya tawi iliweza kuwa mlango wa upendeleo. Kasoro hizo zilidai utaratibu urekebishwe, si msingi uzikwe. Msomi asiyelijua jembe atamtumikia nani?