Hoteli Zafungwa, Bahari Haifungwi



Wauzao safari za starehe hunena kwamba Lampedusa, kisiwa kidogo cha Italia katika Bahari ya Mediterania, hakina cha kuonwa majira ya baridi. Sisi twasema kinyume: atakaye kukijua, na aende wakati huo huo. Majira ya joto kila kitu kisiwani hupangwa kwa ajili ya watalii. Wakiisha kuondoka, hoteli nyingi hufunga milango, upepo hupiga ardhi isiyo na miti mingi, na meli itokayo Porto Empedocle, Sisilia, hushindwa kuja bahari ikichafuka. Ndipo mgeni aonapo jinsi wenyeji wapatao 6,000 wanavyoishi. Mama mjamzito hana budi kuvuka kilometa zipatazo 200 akajifungulie Sisilia, maana kisiwani hakuna hospitali ya kuzalishia. Je, naye si kitu cha kuonwa?

Lakini liko jambo zito zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2013, mashua iliyotoka Libya ikiwa na watu zaidi ya 500, wengi wao Waeritrea, iliwaka moto na kuzama karibu na ufuko wa kisiwa hicho. Watu 368 walikufa. Mashua moja ndogo ya marafiki waliotoka kujistarehesha (watu wa kawaida kabisa, si wanajeshi) iliokoa watu 47. Baada ya msiba huo Serikali ya Italia ilianzisha operesheni Mare Nostrum, na manowari zake zikaokoa watu wapatao 150,000 katika mwaka mmoja.

Mwisho wa Oktoba 2014 operesheni hiyo ikakomeshwa. Wakubwa wa Ulaya walilalamikia gharama, tena wakadai kwamba kuwaokoa wanaozama kunawaita wengine. Serikali ya Uingereza ilitamka waziwazi mwezi huo kwamba haiungi mkono shughuli kama hizo. Badala yake Umoja wa Ulaya ukaanzisha operesheni Triton, kwa theluthi moja hivi ya gharama, na doria zake zikabaki karibu na pwani.

Je, watu waliacha kuja? La hasha! Februari 2015, katikati ya baridi kali, walinzi wa pwani wa Italia waliyakabili mawimbi makubwa wakawafikia watu waliokuwa katika mashua ya mpira. Waliwapandisha wakiwa hai. Watu 29 kati yao walikufa kwa baridi wakiwa juu ya sitaha wazi za vyombo vidogo vya uokoaji, njiani kwenda Lampedusa. Hatuwalaumu mabaharia wale, waliohatarisha maisha yao. Twawalaumu walioziondoa meli kubwa, wakaiendesha huruma kama hoteli ya ufukweni, ifunguliwayo kwa msimu na kufungwa faida isipoonekana.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliizuru Lampedusa tarehe 8 Julai 2013, katika safari yake ya kwanza rasmi nje ya Roma, akatupa shada la maua baharini kuwakumbuka waliokufa. Ninyi viongozi wa walei mnaoandaa hija za Roma, pelekeni angalau wajumbe wawili huko mwezi Januari. Wawaombe wenyeji wawaoneshe makaburi yasiyo na majina. Na wakirudi, wawaeleze waamini ni nani waliokata fedha zile.