Ndeke ya kujijengea: moteri ya bei chini iko na bei kali

Siku hizi mutu anaweza kununua plani ya ndeke ndogo na kuijenga yeye mwenyewe nyuma ya nyumba. Ufaransa na Marekani wanafanya hivi tangu miaka mingi, na sheria inawaruhusu. Hapa kwetu, kijana wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi mwenye kujua kuunga chuma anaweza kuota ndoto ile ile. Mimi simukatazi. Lakini pale anafika ku moteri, njo pale baba na mama wanapaswa kuuliza maulizo, kwa sababu franga ni ya nyumba nzima, na mwenye kupanda mule ni mutoto wao.

Neno linalosemwa mingi ni hili: «Moteri ni moteri. Tutoshe ile ya mutuka iliyoharibika karoseri, tutie elisi mbele, itaruka.» Mimi nasema hapana. Na ninyi munaotumika na mashine munaweza kuelewa sababu mbele ya wengine.

Angalieni mutuka mu barabara. Ku njia ya sawa haiombi hata nusu ya nguvu ya moteri yake. Inapanda kilima kidogo, kisha inapumzika. Moteri ya ndeke iko kama ile ya pompi ya kutosha maji mu shimo: ku kuondoka inatoa nguvu yote, kisha inatumika karibu robo tatu ya nguvu yake saa nzima, saa mbili, bila kupumzika. Pompi ikikufa, maji yanapanda na watu wanatoka. Moteri ya ndeke ikikufa juu, hakuna ngazi.

Kisha kuna elisi yenyewe. Haipendi kuzunguka mbio sana: ncha zake zikikaribia mwendo wa sauti, inapiga kelele na nguvu inapotea bure. Elisi nyingi za ndeke ndogo zinazunguka karibu mara 2.500 kwa dakika. Moteri ya mutuka inatoa nguvu yake yote ku 5.000 ao 6.000. Kwa hiyo inaomba boate ya kupunguza mizunguko, na boate ya kutengenezwa mu garaji, mitetemeko inaweza kuivunja.

Sasa tuangalie zile zilizofanywa kwa kazi hii. Rotax ya Austria inatengeneza moteri 912: farasi 80 ao 100, uzito karibu kilo 60, boate yake iko pale tayari, na inakunywa esansi ya mutuka. Inahesabiwa masaa 2.000 mbele ya kuifungua yote. Lycoming O-320 ya Marekani inafika pia masaa 2.000, lakini iko nzito karibu mara mbili, na kwa kawaida inatumia esansi ya ndeke yenye risasi ndani, ambayo mu Afrika ni ya bei kali na ya kutafuta kwa shida. Iko pia Rotax 582 ya tempo mbili, farasi 65, bei chini. Hiyo ni masaa 300 tu, na mutengenezaji mwenyewe anaonya mu kitabu chake kwamba inaweza kusimama wakati wowote.

Musisahau urefu wa inchi yetu. Kolwezi iko karibu metre 1.400 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Farasi 80 za mu kitabu zinakuwa karibu 68 kwetu, na joto la mwezi wa kumi linapunguza tena.

Wengine watanijibu: Wafaransa walitia moteri ya Volkswagen mu ndeke Turbulent, na ikaruka vizuri. Ni kweli. Lakini moteri ile inapozwa na hewa, haina radiateri wala maji, inazungusha elisi bila boate, na mafundi wa ndeke waliitengeneza upya. Turbulent nayo ilichorwa kwa uzito wa moteri ile. Haikuwa kazi ya kubahatisha.

Njo maana nasema: moteri ichaguliwe mbele ya kukata bomba la kwanza. Plani inataja uzito na nguvu. Moteri nzito mbele inavuta pua chini. Kununua ya okazio siyo zambi, lakini iwe na kitabu chake: imefanya masaa ngapi, nani aliifungua, elisi iligonga chini ao hapana. Ku kazi hamukubali kushuka na kamba ya chuma isiyokaguliwa. Juu ya nini mukubali kumupandisha mutoto juu na moteri isiyo na kitabu?

Na franga ikikosa? Basi kijana angoje. Amalize mabawa, atafute fundi wa kumufundisha, aombe karatasi ku Autorité de l'Aviation Civile. Ndeke isiyo na moteri haiui mutu. Hata kuku wakilala juu yake miaka mbili, siku moja itapanguswa na kuruka.